Vanishi ya Meza za Hoteli

"Usiiguse begani, haijakauka vizuri," baba alisema, mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayesubiri kusifiwa.

Binti yake alisimama mlangoni mwa karakana na begi la shule mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa kimo chake kila mtu alimwita Mrefu. Juu ya benchi la kazi, juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, chelo ilikuwa imelala chali bila hata uzi mmoja, inang'aa. Haikung'aa kama kitu cha mbao. Iling'aa kama meza ya mkutano. Dirisha lote la karakana lilionekana kwenye tumbo lake, pamoja na nondo zake tatu.

"Baba. Umefanya nini?"

"Ilikuwa imebabuka. Hapa begani, na huku ubavuni, na mgongoni ndiyo usiseme. Jumapili watu wanakuja nyumbani kwa Fundi Kioo. Wakute chombo cha mwanangu kimechunika kama mlango wa choo cha stendi? Nimeipiga msasa laini, nimeipaka mara mbili. Ile ya bei, ya meza za hoteli. Hata maji ya moto yakimwagika hapo hayaachi alama."

"Nani atamwaga maji ya moto kwenye chelo?"

"Nasema tu."

Fundi Kioo ni jina alilopewa na wateja. Meza ikitoka mikononi mwake, mtu aliweza kujichania nywele juu yake. Lakini hii haikuwa meza, na haikuwa yake. Chelo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi akaibana katikati ya magoti, ilikuwa mali ya kikundi cha watu wazima tisa waliopenda muziki wa nyuzi. Kila baada ya miezi miwili walikutana sebuleni kwa mmoja wao, au kwao kijana anayekaa na chelo. Watatu wakipiga, wengine wakisikiliza, kisha chai. Mara moja kwa mwaka walipiga kura nani kati ya vijana akae na chelo mwaka unaofuata. Mrefu alikuwa nayo mwaka wa pili. Baada ya wiki tano alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Na kura ilikuwa Jumapili hii, nyumbani kwao.

"Na kuna takataka nimekutolea," baba aliendelea, akiwa bado na furaha yake. "Nilipolegeza nyuzi na kuondoa kile kibao kinachozinyanyua, nikasikia kitu kinagongagonga ndani. Nikaitikisa mpaka kikatokea tunduni. Kijiti, unene wa kidole kidogo, hakina hata tone la gundi. Fundi aliyeiunda alikuwa mzembe, kasahau kipande ndani akafunga. Miaka yote mnapiga na takataka tumboni!"

Alicheka. Mrefu hakucheka.

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Hicho kijiti, baba."

"Nimekorogea vanishi. Halafu nikawashia jiko la gundi."

Mrefu alikaa juu ya rundo la mbao bila kuangalia kama kuna misumari. Mwalimu wake aliwahi kumwonyesha kwa tochi: kijiti kinasimama ndani, kimebanwa kati ya tumbo na mgongo, bila gundi, kwa nguvu ya nyuzi tu. Ndicho kinachopeleka sauti nyuma. Ndicho kinachozuia tumbo lisibonyee nyuzi zikikazwa.

"Hakuna aliyesahau kitu," alisema.

Akamweleza. Alimweleza taratibu, kwa sababu aliona uso wa baba yake unavyobadilika na hakutaka kuukimbiza. Alipomaliza, baba alitazama jiko la gundi kwa muda mrefu, kama vile majivu yangeweza kufanyiwa kitu.

*

Mama alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili. Alikuwa karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na miaka kumi na minne ya kuwaambia watu wazima waache kulia ilikuwa imemmalizia subira. Alisikiliza yote akiwa amesimama, mkoba begani.

"Ngoja nielewe. Kitu si chetu. Hukuuliza. Ukakifungua, ukakitoa utumbo, ukauchoma moto."

"Si utumbo. Kijiti."

"Na wewe, miaka miwili unalala na kitu hicho chumbani, hujawahi kumwambia baba yako kwamba hakipakwi vanishi?"

"Ningejuaje kwamba atakipaka?"

"Unaishi na mtu anayepaka vanishi hata mwiko!"

Ilikuwa kweli. Mwiko ulikuwa ukining'inia ukutani nyuma yake, unameta.

"Ungeniuliza tu, baba," Mrefu alisema.

"Nikuulize? Mambo ya vanishi? Mimi?" Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba angeuliza njia ya kwenda chumbani kwake.

Mama aliweka mkoba chini. Kuwapokea watu wale lilikuwa wazo lake. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa akiiruka nyumba yao kila zamu ilipofika, kwa upole, akisema, "Nyinyi msijali, tunaelewa." Mama alichoka kueleweka. "Tumekunywa chai ya watu miaka miwili," alimwambia mwenyekiti kwenye simu. "Na sisi tuna birika."

"Nimpigie mwalimu?" Mrefu aliuliza.

"Atasemaje?"

"Atasema ipelekwe kwa fundi wa fidla. Yuko mmoja, mji mkuu. Watu wanasubiri zamu miezi mitatu."

"Na mtihani?"

"Wiki tano."

"Na hao wa kikundi wakijua?"

"Wataipeleka kwa mtoto wa yule daktari wa kikundi. Baba yake ameshamnunulia kiti cha kupigia."

Mama alikuwa mtu wa kusema. Wagonjwa aliwaambia kwamba midomo yao inanuka. Mwenye nyumba alimwambia, mbele ya mkewe, kwamba paa lake linavuja kuliko ahadi zake. Kwa hiyo baba na binti walimsubiri aseme neno ambalo wote wawili walijua angelisema: pigeni simu, semeni ukweli, yaishe.

"Kijiti chenyewe unaweza kukitengeneza?" alimuuliza mumewe.

"Kijiti ni kijiti. Kukisimamisha ndani ya kitu kilichofungwa, kupitia tundu lisilopitisha vidole viwili, hilo ndilo sijui."

"Basi ulijue kabla ya Jumapili. Na mdomo uufunge. Wote wawili, fungeni midomo."

Mrefu alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nini?" mama alisema. "Watu hawaji kukagua. Wanakuja kusikiliza."

*

Jumamosi mama alirudi saa saba na kioo kidogo chenye mkono mrefu, kile cha daktari wa meno. "Nimekiazima. Jumatatu asubuhi kiwe mahali pake." Baba alikuwa ameshachonga vijiti vinne kutoka kwenye ubao wa kasha la mashine, mti mwepesi wenye nyuzinyuzi zilizonyooka, na amekunja spoku ya baiskeli mara mbili ikawa na umbo la shingo ya bata. Ncha yake aliinoa mpaka ikaweza kuchoma kijiti na kukibeba.

Walifanya kazi wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Mrefu alishika tochi na kioo, baba alishika spoku. Hawakuongea ila maneno ya kazi.

"Kushoto."

"Kwako au kwangu?"

"Kwangu. Kimefika. Shusha. Kimeanguka."

Mara ya tatu kikaanguka. Mara ya saba kikaanguka na kujificha kwenye kona, wakaitikisa chelo kama watu wanaotafuta sarafu kwenye kibubu. Kijiti cha kwanza kilikuwa kirefu kidogo, cha pili kifupi. Cha tatu baba alikichonga miguu kwa mshazari ili ifuate mbonyeo wa mbao, jambo ambalo hakuambiwa na mtu. Alipapasa kwa ncha ya spoku akaona kwamba ndani hakuna sehemu iliyo bapa. Kilisimama. Baba hakuvuta pumzi mpaka alipoitoa spoku nje.

Wakarudisha kibao, wakarudisha nyuzi, wakazikaza kidogo kidogo, baba akiwa ametia kiganja tumboni mwa chelo kama anayepima homa. Mrefu akaketi, akapitisha upinde.

Sauti ilikuwepo. Ilikuwa ngumu kuliko zamani, kama ya mtu anayezungumza koo likiwa limekaza, lakini ilikuwa sauti.

"Ni ileile?" baba aliuliza.

"Karibu."

"Karibu si kipimo."

"Leo ni kipimo, baba."

Saa tisa mwenyekiti alikuja kuangalia chumba. Alikuwa meneja wa benki mstaafu, mwanamke mwembamba anayetembea kama bado ana funguo za kabati la pesa. Alisimama katikati ya sebule akazunguka mara moja, na mara moja ilitosha.

"Hii ndiyo sebule yote?"

"Nyingine tumeiazimisha," mama alijibu.

Mwenyekiti alikuwa na adabu ya kutabasamu. Alihesabu viti. Vilikuwa sita, kila kimoja cha aina yake, kwa sababu vyote vilikuwa vimekataliwa na wateja: hiki mguu mfupi, kile rangi si waliyoagiza. Vingine vinne vingetoka kwa jirani. Akauliza choo kiko wapi. Akauliza kama jirani ana tabia ya kufungulia redio. Kisha akauliza jikoni.

"Hapo nyuma ya pazia."

Mwenyekiti alilitazama pazia. Desturi ya kikundi ilikuwa kwamba siku ya kura wenye nyumba husubiri jikoni mpaka waitwe. Katika nyumba za wengine jikoni palikuwa mwisho wa korido, na milango miwili katikati.

"Itabidi tuongee kwa sauti ya chini," alisema.

"Ongeeni mnavyotaka. Sisi tutagonganisha vikombe."

"Na chelo? Naomba niione."

"Imelala," mama alisema, kama inavyosemwa kuhusu mtoto mchanga.

Mwenyekiti alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Mume wangu naye alikuwa akisema hivyo. Ilikuwa yake, mnajua? Alipofariki sikuweza kukaa nayo nyumba moja. Nikawapa kikundi." Akachukua mkoba wake. "Basi, kesho saa kumi. Nashukuru mmejitolea. Si lazima keki iwe kubwa."

Baba alikuwa amesimama karakanani nyuma ya mlango, akisikia yote, kitambaa cha vanishi mkononi.

*

Jumapili mama alilisogeza kabati la nguo hadi sebuleni, karibu na dirisha, ili kona ya Mrefu iwe na kivuli. Alimkalisha binti yake pale mara tatu, akienda mlangoni kila mara na kurudi kuangalia. "Inama kidogo. Inaonekana kama gari jipya. Vaa sweta jeusi, shati lisionekane ndani yake kama kwenye kioo."

Mwalimu alifika saa tisa ili wajaribu pamoja. Alikuwa mzee wa fidla ya kwanza, ambaye kwa miaka miwili alimfundisha Mrefu bila kupokea hata nauli. Fidla ya pili ilikuwa ya mwanamke mfamasia aliyekuja na viatu vya kazini. Walipiga dakika kumi, mwalimu akasimamisha upinde.

"Mrefu, sauti yako leo imekuwa kali."

Mrefu aliinamisha kichwa kwenye nyuzi.

"Ni chumba," mama alisema haraka kutoka mlangoni. "Kidogo. Sauti haina pa kwenda."

Mwalimu alimtazama mama, akaitazama chelo, akapanguza miwani yake. "Inawezekana," alisema. "Inawezekana ni chumba."

Saa kumi watu wote walikuwa wameingia, magoti yakigusana. Daktari wa watoto alikaa karibu na mwalimu kiasi kwamba upinde ulipokwenda mpaka mwisho ulipita inchi moja kutoka kwenye miwani yake. Baada ya mara ya pili aliivua akaiweka mfukoni. Aliyekalia kiti cha mguu mfupi alijifunza kutokutikisika. Hakukuwa na mahali pa baba, kwa hiyo alisimama kwenye pazia la jikoni, nusu ndani nusu nje.

Alikuwa amezisikia fidla hizi katika nyumba nyingine, lakini daima kutoka nyuma, karibu na viatu. Hapa zilikuwa zinapigwa kifuani mwake. Fidla ya kwanza ilisema jambo, ya pili ikaunga mkono, na chini yao chelo ikawa kama mtu mwenye nyumba anayesikiliza wageni wakibishana, kisha akasema neno moja na wote wakanyamaza. Binti yake ndiye aliyekuwa akisema neno hilo. Baba hakujua kwamba ana binti wa aina hiyo. Alitaka kusikiliza, lakini kila walipofika mahali pa kupiga kwa nguvu aliyasahau yote akakisikiliza kijiti. Aliwaza mguu wake wa mshazari, namna ulivyokanyaga. Wimbo wa pili ulikuwa na sehemu ambapo chelo inapigwa peke yake, chini kabisa, kwenye uzi mnene. Kikombe kwenye rafu ya jikoni kikaanza kutetemeka, na mama akakiwekea kidole juu.

Walipomaliza, watu walipiga makofi kwa viwiko vilivyobanwa. Mfamasia alimkumbatia Mrefu. Mtu mmoja alisema hajawahi kukaa ndani ya muziki namna ile, na aliyekalia kiti kibovu akajibu kwamba yeye bado yumo, ganzi imemshika. Wakacheka. Mama alihisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Basi," mwenyekiti alisema, "kama kawaida yetu, naomba wenye nyumba watupishe kidogo."

*

Jikoni palikuwa na upana wa hatua mbili. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Mrefu akasimama ukutani. Mama alichukua vikombe viwili avigonganishe, akasahau kuvigonganisha. Pazia lilikuwa la kitambaa cha maua na halikufika chini. Viatu vya watu tisa vilionekana.

Daktari alianza. Alimsifu Mrefu kwanza, na mama akajua kwamba linakuja "lakini." Lilikuja. Mtoto wake naye ana moyo, na chumba chake mwenyewe cha kufanyia mazoezi, na kilichompa wasiwasi, alisema, ni usalama wa chombo katika nyumba yenye, "niseme, shughuli za useremala." Mwalimu akasema kuna mtihani baada ya wiki tano na hajapata mwanafunzi kama huyu tangu aanze kufundisha. Kisha ikaja sauti ya mwenyekiti.

"Mimi naangalia utunzaji. Nimeiona leo. Imesafishwa, inapendeza. Nyumba ni ndogo, lakini nadhani hawa ni watu waangalifu. Wanaosema ibaki hapa?" Akahesabu. "Nne, tano, sita. Inatosha."

Mrefu aliuma mkono wa sweta lake ili asipige kelele. Mama alifumba macho, akampiga mumewe begani kwa kiganja, kofi la furaha.

Baba alisimama.

"Unakwenda wapi?" mama alinong'ona.

"Wamesema waangalifu."

"Si waseme! Kuna ubaya gani?"

"Mteja akiisifia meza ambayo najua ina ufa ndani, sichukui sifa yake."

"Hii si meza." Alimshika shati. "Mume wangu. Mtihani wa mtoto." Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiongea kwa sauti ile, hata yeye mwenyewe ilimshtua.

Baba alimtazama Mrefu. Mrefu alitikisa kichwa: usiende. Alikitikisa mara mbili, waziwazi, isije ikasemwa baadaye kwamba hakuelewa. Baba akautoa mkono wa mkewe kwenye shati, akapita pazia.

Hakuongea vizuri. Alianza na msasa, akarudi kwenye mikwaruzo, akasahau kusema kwamba hakuuliza, akakumbuka. Alisema alipaka vanishi ya meza. Alisema kijiti alikitoa na kukichoma, na kilichomo sasa amekitengeneza yeye, na hajui kama kimesimama panapotakiwa. "Nyuzi zisikazwe kuliko zilivyo mpaka mtu anayejua aiangalie," alisema. "Binti yangu hakuwepo nilipofanya. Mke wangu hakuwepo. Ni mimi." Kisha akabaki amesimama, kwa kuwa hapakuwa na kiti.

"Tunaomba urudi jikoni," mwenyekiti alisema.

Alirudi akakaa kwenye ndoo. Mrefu alikuwa ameugeukia ukuta.

Safari hii hakuna aliyekumbuka kuongea chini.

"Kwa hali hii sioni tunajadili nini," daktari alisema.

"Cha kujadili kipo," mfamasia alijibu. "Angenyamaza, saa hizi tungekuwa tunakata keki."

"Kuwa mkweli ni jambo moja. Kuharibu ni jambo jingine."

"Mimi nilisikia," mwalimu alisema polepole. "Tangu mchana nilisikia. Nikaambiwa ni chumba, nikakubali, kwa sababu nilitaka kiwe chumba. Kwa hiyo msinihesabu mimi kama mtu msafi."

Mama alikitazama kikombe mkononi mwake.

Walipiga kura tena. Nne kwa nne, na mwenyekiti akawa hajanyoosha mkono. Walimsubiri. Viatu vyake, vyeusi, vya kamba, havikusogea.

"Pale begani," alisema mwishowe, "pembeni ya shingo, palikuwa na weupe. Pana kama kiganja. Vanishi ilikuwa imekwisha kabisa pale. Ni mkono wa mume wangu. Miaka thelathini na moja kila jioni mkono wake ulipumzika pale akigeuza ukurasa. Leo nilipokaa nikapatafuta. Sikupaona. Nikajiambia ni kivuli cha kabati. Nikajiambia ni macho yangu."

Nyuma ya pazia baba alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipakumbuka pale begani. Palimchukua muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Msasa ulipita mara tatu ili palingane na sehemu nyingine. Aliifurahia sana kazi ya pale.

Viatu vyeusi vilikuja. Mwenyekiti alilisogeza pazia yeye mwenyewe.

"Binti," alisema, "utaipiga mpaka mtihani wako. Baada ya hapo tutaona. Lakini hapa haitalala tena. Italala kwangu. Utakuja saa kumi, utaondoka saa kumi na mbili, kila siku."

"Ndiyo, mama," Mrefu alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia.

Baba aliinuka kwenye ndoo. "Kilichokuwa begani, siwezi kukirudisha."

"Najua huwezi," mwenyekiti alisema. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Ndiyo maana leo sina la kukuambia."

*

Keki ilikatwa, kwa kuwa ilikuwepo, na watu wakaila haraka wakiwa wamesimama. Daktari alimshukuru mama kwa ukarimu. Mama akamjibu kwamba useremala una shughuli zake, ndiyo, lakini jirani yao naye ni daktari na kwake kunapigwa kelele zaidi. Daktari hakujua acheke au la. Mfamasia alicheka kwa niaba yake.

Baba alitaka kuibeba chelo hadi kwenye gari la mwenyekiti. Alikuwa ameshashika mpini wa kasha lake.

"Binti ataibeba," mwenyekiti alisema.

Aliuachia. Alisimama mlangoni akamtazama Mrefu akiliingiza kasha kwenye kiti cha nyuma kichwa kikitangulia, akilizungushia mkanda, akimweleza mwenyekiti jambo kwa mikono, labda kuhusu mashimo ya barabarani. Gari likaondoka kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai.

Ndani, mama alikuwa akikusanya vikombe vya jirani katika beseni, akivitenga na vyao.

"Usitegemee nikupongeze," alisema bila kugeuka.

"Sitegemei."

"Vizuri." Aliosha viwili, akavipanga. "Nilimdanganya yule mzee usoni. Eti chumba. Na akanitazama akijua." Akaosha kingine. "Kunywa chai yako, inapoa."

Mrefu aliingia, akavua sweta jeusi, akalitupa juu ya kiti cha mguu mfupi. Alikuwa amelia huko nje na alikuwa amemaliza. Kona yake kando ya kabati ilikuwa tupu, na alama ya mguu wa chelo, kitundu kidogo, ilionekana sakafuni. Aliipita kona hiyo, akaja akasimama mbele ya baba yake. Akiwa amesimama hivyo alimzidi kwa nusu kichwa.

"Nilikuambia usiende."

"Nilikuona."

"Sijakusamehe."

"Sawa."

"Kesho saa kumi utanipeleka."

"Mimi?" Baba aliweka kikombe chini. "Mwanangu, yule mama hataki hata kuniona."

"Hajaniambia nisije na mtu. Wewe ndiye umekisimamisha, wewe ndiye utakijua kikisogea."

"Nitakaa nje ya geti."

"Kaa popote," Mrefu alisema. "Njoo tu."